Deni moja, bahasha mbili: tathmini ya huduma ya wakili wa ufilisi

Bahasha ya kwanza iliandikiwa kampuni yangu ndogo ya usafi wa maofisi, ya pili iliandikiwa mimi kwa majina yangu yote matatu, na zote mbili zilidai pauni 38,400 zilezile, malimbikizo ya ada ya mashine za kusugulia sakafu ambazo kampuni ilikodi kwa msambazaji mmoja. Nilidhani ni barua moja iliyotumwa mara mbili kwa uzembe wa mtu, nikaziweka juu ya kabati, zikakaa huko siku 8. Tathmini hii inahusu huduma niliyoipata baadaye, hapa England, kwa wakili wa mahakamani ambaye kazi yake yote ni ufilisi wa makampuni na wa watu binafsi. Jina lake silitaji, kwa sababu nina sifa za kumpa na nina manung'uniko pia.

Kwanza nieleze aina ya wakili ninayemzungumzia, kwa kuwa wengi wetu tumezoea wakili mmoja anayefanya yote. Kwa utaratibu wa England na Wales, wakili wa ofisini ndiye anayeshika faili, kuandikiana barua na upande wa pili na kuwasilisha nyaraka, ilhali wakili wa mahakamani huandika maoni ya kisheria na kusimama mbele ya jaji. Huyu wa pili kwa kawaida hujitegemea, akishiriki chemba, yaani ofisi ya pamoja ya mawakili, na wenzake, na karani wa chemba ndiye anayepanga ratiba yake na kujadiliana ada. Tangu mwaka 2004 mtu wa kawaida anaruhusiwa kumwendea moja kwa moja bila kupitia kwa wakili wa ofisini, nami nilichukua njia hiyo kwa sababu sikuwa na fedha za kulipa mawakili wawili.

Swali lake la kwanza lilikuwa ni lini, saa ngapi na kwa mkono wa nani nilikabidhiwa ile bahasha yenye jina langu. Historia ya biashara, hali ya mashine na tabia ya msambazaji, ambavyo nilikuwa nimejiandaa kuvieleza kwa urefu, alivisogeza pembeni. Nilipomjibu, akahesabu siku kwa vidole, kisha akaniambia kwamba ile haikuwa barua ya kukumbusha deni, bali hati ya madai ya kisheria chini ya Sheria ya Ufilisi ya 1986, na kwamba mtu binafsi ana siku 18 tangu kukabidhiwa kuiomba mahakama iitengue. Zikipita siku 21 bila deni kulipwa au kuwekewa utaratibu, na deni likiwa si chini ya pauni 5,000, mdai anaweza kuomba mdaiwa atangazwe mufilisi. Mimi nilikuwa katika siku ya 9, na nyumba tunayoimiliki mimi na mke wangu ndiyo mali pekee yenye thamani niliyokuwa nayo. Mufilisi, nikumbushe, ni yule aliyefilisika, na mfilisi ni yule anayesimamia ufilisi wa kampuni. Herufi moja tu inawatenganisha, na katika wiki zile nilijifunza kutoikosea.

Jambo la pili alilolifanya lilinikera mwanzoni, lakini leo nalihesabu kuwa ndilo lenye thamani kubwa katika huduma nzima. Kabla ya kupokea nyaraka zozote alitaka iandikwe mteja wake ni nani, mimi au kampuni. Nilimjibu kwamba hakuna tofauti, kwa kuwa hisa zote ni zangu, mkurugenzi ni mimi na hata gari la kazi huegeshwa nyumbani kwangu. Akanieleza kwa utulivu kwamba tangu hukumu ya Salomon ya mwaka 1897 kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, na kwamba kampuni hii ikifilisiwa, mfilisi atakayeteuliwa atakuwa na wajibu wa kunichunguza mimi, na huenda akanidai kwa niaba yake. Akakubali kunitetea mimi binafsi, na kunishauri juu ya wajibu wangu kama mkurugenzi, lakini akakataa kuitetea kampuni katika shauri lolote ambalo maslahi yake na yangu yangeweza kugongana. Wapo wengi ambao wangechukua ada mbili na kunyamaza.

Maoni yake ya kisheria yalikuja baada ya siku 4, yakiwa na kurasa 14, na hapa nina lawama. Yaliandikwa kwa Kiingereza kizito cha mahakama, na jambo nililohitaji kulijua siku ileile lilikuwa katika ukurasa wa 11. Ukurasa mmoja wa mbele wenye maneno ya kawaida ungenipunguzia usiku mmoja wa kuhangaika. Hata hivyo, huo ukurasa wa 11 ulikuwa na hoja ambayo mimi, niliyeisoma dhamana yangu, yaani ahadi niliyoisaini ya kulipa deni la kampuni ikishindwa, mara kumi, sikuwa nimeiona. Tulipokutana aliuweka mkataba mezani, akachukua penseli na kuyazungushia duara maneno matatu: "chini ya mkataba huu". Nilikuwa nimemdhamini mwajiri wangu, yaani kampuni yangu mwenyewe, kwa madeni ya mkataba wa kwanza wa mashine 3. Madeni ya mkataba huo yalikwishalipwa yote. Pauni 38,400 zilitokana na mkataba wa pili, wa mashine 5, ambao kampuni iliusaini peke yake bila mimi kutia saini ya udhamini. Kwa kuwa Sheria ya Udanganyifu ya 1677, ambayo kifungu chake cha 4 bado kinatumika England, inataka ahadi ya kulipa deni la mwingine iwe katika maandishi yenye saini, msambazaji hakuwa na karatasi ya kunibana nayo. Sheria ya karne ya 17, na inamfaa mtu wa mashine za kusugulia sakafu!

Kwa upande wa kampuni hakunipa matumaini ya bure. Kampuni haina njia ya kuomba hati ya namna hiyo itenguliwe. Inachoweza ni kuiomba mahakama imzuie mdai asiwasilishe ombi la kuifilisi, na mahakama humzuia pale deni linapobishaniwa kwa sababu zenye uzito, kwa kuwa ombi la ufilisi halikuwekwa liwe fimbo ya kukusanyia madeni yenye ubishi. Mashine 2 kati ya zile 5 zilikuwa mbovu tangu wiki ya kwanza, na hasara yake niliikadiria kuwa pauni 14,000. Akaniuliza kuhusu pauni 24,400 zilizobaki. Sikuwa na jibu, kwa sababu hizo tulikuwa tunadaiwa kweli. Kizingiti cha hati ya madai dhidi ya kampuni ni deni linalozidi pauni 750 tu, kwa hiyo sehemu isiyo na ubishi ilitosha kabisa kuizamisha. Akanionya pia kwamba ombi likishawasilishwa, na kampuni ikafilisiwa, malipo yoyote yaliyofanywa tangu siku ya kuwasilishwa huwa batili mpaka mahakama iyaidhinishe, na ndiyo maana benki hufunga akaunti mara zinapoliona tangazo la ombi hilo katika gazeti rasmi. Mishahara ya wafanyakazi wangu ingekwama humo. Ushauri wake ulikuwa niifikishe kampuni mwenyewe katika ufilisi wa hiari, kupitia kwa mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, kabla sijafikishwa. Niliumia kuusikia, nikaufuata.

Katika mazungumzo hayohayo nilimweleza kwamba kabla ya kufunga nilitaka kumrudishia shemeji yangu pauni 6,000 alizoikopesha kampuni wakati wa shida. Kwetu hilo halina mjadala: mtu aliyekutoa shimoni humlipi mwisho. Akanikataza palepale. Kifungu cha 239 cha ile Sheria ya Ufilisi kinamruhusu mfilisi kuyarudisha malipo yaliyompendelea mdai mmoja, na ingawa kwa mdai wa kawaida anaangalia miezi 6 nyuma, kwa mtu mwenye uhusiano na kampuni anaangalia miaka 2, na nia ya kupendelea inachukuliwa kuwa ilikuwepo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikamwambia kwamba huyu ni kaka wa mke wangu tu, si ndugu yangu wa damu. Akafungua kitabu, akanionyesha orodha ya jamaa wanaohesabiwa, na ndugu wa mke yumo. Kumbe Waingereza nao, linapokuja suala la fedha, wanamtambua shemeji.

Kosa jingine aliloniepusha nalo nusura nilifanye kwa nia njema. Nilikuwa nimeshafikiria kuandikisha kampuni mpya yenye jina lilelile na kuongeza namba 2 mwishoni, ili wateja wasipotee. Mkurugenzi wa kampuni iliyofilisiwa haruhusiwi kwa miaka 5 kuendesha biashara kwa jina hilo au linalofanana nalo, isipokuwa kwa kibali cha mahakama au kwa njia chache zilizoainishwa na kanuni; akikiuka, ametenda kosa la jinai na anaweza kudaiwa binafsi madeni ya kampuni mpya. Sikuwahi kusikia jambo hili kwa mhasibu wangu wala kwa yeyote katika biashara yetu.

Sasa manung'uniko. Ada ilikuwa maalumu kwa kila hatua, jambo zuri, lakini kiasi nilichotajiwa na karani kwa simu hakikujumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa ni asilimia 20, na niliigundua katika ankara. Karani huyohuyo alichukua siku 2 kujibu barua pepe katika shauri ambalo kila siku ilikuwa na hesabu yake. Kubwa kuliko yote, sikuelezwa mapema vya kutosha kwamba wakili niliyemwendea moja kwa moja, akiwa hana idhini maalumu ya kuendesha mashauri, hawezi kuniwasilishia nyaraka mahakamani. Aliandaa ombi na kiapo changu, lakini kupanga vielelezo, kuvipa namba za kurasa na kuwasilisha vilikuwa juu yangu. Niliwasilisha siku ya 17, jioni, mikono ikitetemeka. Kwa mtu anayefanya kazi zamu za usiku, au asiyekizoea Kiingereza cha kiofisi, ningeshauri amlipe wakili wa ofisini kwa sehemu hiyo hata kama itamlazimu kukopa.

Usikilizwaji katika mahakama ya kaunti ulichukua dakika 40 hivi. Nilitarajia hotuba, na hakukuwa na hotuba. Wakili wa upande wa pili alijaribu kusema kwamba dhamana ilikusudiwa kufunika mikataba yote baina ya pande hizo. Wakili wangu akamwomba jaji asome mstari mmoja wa ukurasa wa 3 wa dhamana, akanyamaza, akasubiri. Jaji aliusoma, akaurudia, akamuuliza wakili wa msambazaji ni wapi panaposema hivyo. Hati dhidi yangu ilitenguliwa, na msambazaji akaamriwa kunilipa sehemu ya gharama zangu.

Anayemhitaji mtu wa namna hii ni mkurugenzi aliyeweka dhamana binafsi na ambaye bado ana siku mkononi. Aliyeshindwa tu kulipa kadi za mkopo, bila ubishi wowote wa kisheria, atapata msaada wa bure kwa mashirika ya ushauri wa madeni, na wakili wangu mwenyewe aliniambia kwamba huwarudisha huko watu wa aina hiyo wanapompigia. Mimi ningemtumia tena, safari hii nikiwa nimeuliza kuhusu kodi na uwasilishaji wa nyaraka kabla ya kusaini.

Kampuni sasa iko mikononi mwa mfilisi, aliyeniita mara moja kunihoji kuhusu vitabu vya hesabu. Shemeji amejaza fomu ya madai ya pauni 6,000 kama wadai wengine, na yuko katika foleni pamoja na yule msambazaji wa mashine. Mke wangu amemweleza sababu mara mbili, na mara zote mbili amesema ameelewa.