Kibanda umiza cha jirani na Mwaloni, Kirumba: wiki mbili za mtoano wa AFCON

Kuanzia tarehe 29 Januari hadi fainali ya tarehe 11 Februari 2024, nilitazama hatua ya mtoano ya Kombe la Mataifa ya Afrika katika kibanda umiza (ukumbi wa mtaani wa kutazamia mpira kwa kiingilio) kimoja kilichopo Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Taifa Stars walikuwa wamekwisha kurejea nyumbani wakiwa na pointi mbili, baada ya kufungwa na Morocco mabao 3-0 na kutoka sare na Zambia na Kongo, kwa hiyo nilikwenda pale nikiwa mpenzi wa mpira asiye na timu yake mashindanoni. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza wanaotafuta mahali pa kutazamia mechi za aina hii.

Mechi za makundi mtu anaweza kuzitazama popote, kwa kuwa timu uliyoikosa leo utaiona tena baada ya siku chache. Mtoano haurudiwi, na mara nyingi jambo lenyewe hutokea baada ya dakika ya 90, wakati mwenye ukumbi amechoka na wateja wa kesho asubuhi wanafikiria usingizi. Kwa saa zetu, mechi ya pili ilianza saa 5 usiku; ikienda mpaka matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, unatoka ukumbini karibu saa 8. Kwa sababu hiyo mimi hukipima kibanda kwa jinsi kinavyomhudumia mteja katika saa hiyo ya mwisho.

Nilihamia Kirumba kwa sababu ya usiku wa Misri na Kongo. Kibanda cha mtaani kwetu, ambacho sitakitaja, kilituchangisha tena Sh500 dakika za nyongeza zilipoanza, na picha yake ilikuwa ya intaneti, iliyochelewa kuliko ya majirani. Kipa wa Misri alipogonga mwamba na kipa wa Kongo, Lionel Mpasi, akauchukua mpira kwenda kupiga yeye mwenyewe, ukumbi wa pili ulilipuka kwa kelele za "Kongo! Kongo!" wakati sisi tukimwona bado anauweka mpira chini. Matuta yale yaliisha 8-7, nami nilijua matokeo kabla ya kuuona mguu ukiugusa mpira. Kwa mtu aliyekesha kwa ajili ya dakika ile, huo ni wizi kamili.

Pale Kirumba picha inatoka kwenye dishi na king'amuzi, na haikuchelewa hata usiku mmoja. Kiingilio kilikuwa Sh500 kwa mechi, na malipo hayo yalikufikisha mpaka penalti ya mwisho. Usiku wangu wa kwanza ulikuwa wa wenyeji Ivory Coast dhidi ya Senegal, mabingwa watetezi, waliopata bao dakika ya 4 kupitia Habib Diallo na kulilinda mpaka Franck Kessié aliposawazisha kwa penalti dakika ya 86. Matuta yalipoanza, mwenye kibanda alipita na birika la kahawa akiuza kwa bei ileile ya jioni, bila kumharakisha mtu.

Jambo lililonivutia zaidi ni utaratibu wake wa matuta. Kila mpenda mpira anafahamu kuwa penalti zikianza watu husimama, na aliyesimama mbele humziba wa nyuma. Hapa mabenchi mawili ya mbele huondolewa, mikeka hutandikwa, na waliokuwa wakiyakalia huketi chini. "Ndugu zangu, chini! Anayetaka kusimama aende ukutani," husema mwenye kibanda, na watu humtii. Kwa utaratibu huo niliweza kumtazama vizuri Ronwen Williams wa Afrika Kusini dhidi ya Cape Verde, jinsi alivyovuta subira hadi mpigaji anafika kwenye mpira ndipo arukie upande wake, akaokoa penalti nne kati ya tano. Nimetazama mpira miaka mingi, na sijawahi kuona kipa akitawala matuta kwa utulivu wa namna ile.

Wateja wa pale ni sehemu ya huduma yenyewe. Wafanyabiashara wa Kikongo wanaokuja Mwaloni kununua dagaa walikaa pamoja upande wa dirisha la ziwani, na kwa kuwa Henock Inonga wa Simba alikuwa katika kikosi chao, mashabiki wa Simba walihamia kwao wote. Wa Yanga walikuwa na Mali, kwa ajili ya kipa wao Djigui Diarra.

Usiku wa Mali ndio unaonipa malalamiko. Ivory Coast walikuwa kumi uwanjani tangu kadi nyekundu ya kipindi cha kwanza, Mali wakiongoza 1-0, na dakika zikiwa zinakaribia 90 umeme ulikatika. Ulikuwa msimu wa mgao, hilo lilijulikana na kila mtu. Lakini jenereta ilikuwa nyuma ya choo, bila mafuta, na kijana alitumwa kuyatafuta tukiwa gizani. Mtu mmoja mwenye redio ndogo ndiye aliyetutangazia kuwa Simon Adingra amesawazisha. Picha iliporudi tulikuta dakika za nyongeza zimeanza, na tukaliona bao la ushindi la Ivory Coast, la Oumar Diakité dakika ya 122, ila lile la kwanza lilikwisha kupita. Mwenye kibanda aliomba radhi mbele ya watu wote. Nilimwambia wazi kwamba mechi za mtoano zinahitaji jenereta iliyojaa mafuta kabla ya filimbi ya kwanza, naye hakubisha.

Choo ni kimoja na hakina taa, kwa hiyo njoo na tochi. Chakula kinauzwa nje na mama mmoja: sato wa kukaanga, ugali na kachumbari; mfuate kabla ya saa 4, kwa maana baada ya hapo hubakia vichwa tu.

Kiingilio cha fainali kilikuwa Sh1,000. Nilifika saa 3 usiku na mabenchi yalikuwa yamejaa, nikapata nafasi ukutani. Jenereta ilikuwa ikinguruma tangu kabla ya nyimbo za taifa, na dumu la mafuta limewekwa kando yake. Nigeria walitangulia kwa kichwa cha Troost-Ekong, Kessié akasawazisha, na dakika ya 81 Adingra alipiga krosi kutoka kushoto. Sébastien Haller, ambaye mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani, alichomoza mbele ya beki na kuunyoosha mguu, na mpira ukaingia kwa kuguswa kidogo tu na kiatu chake.