Back 4 Blood: kila mwamba ngoma na kadi zake

Turtle Rock Studios ndio waliotengeneza Left 4 Dead, iliyotoka Novemba 2008 wakiwa pamoja na Valve. Kwa hiyo Machi 2019, walipotangaza kwamba wanarudi na gemu mpya ya watu wanne dhidi ya zombi, mashabiki hawakuhitaji kushawishiwa. Jina lenyewe, na ile 4 katikati, lilikuwa ahadi. Back 4 Blood ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021 chini ya Warner Bros. Games, bei dola 59.99.

Siyo gemu mbovu, na ndiyo maana inauma. Bunduki zake zina uzito, shotgani ikilia unaisikia kifuani, na mitaa iliyojaa matope na magari yaliyopinduka imechorwa kwa moyo. Kilichopungua ni kile kilichowafanya watu wacheze Left 4 Dead kwa zaidi ya miaka kumi bila kuchoka: ile hali ya kumhitaji mwenzako.

Katika Left 4 Dead, zombi maalumu aitwaye Hunter akikurukia umekwisha. Huwezi kujinasua. Lazima mwenzako amsukume au ampige risasi, na asipofika kwa wakati unalala pale pale huku unararuliwa. Aliyecheza miaka mitano na aliyeanza leo wanaingia na uhai uleule wa 100 na bastola ileile. Hakuna kiwango cha kupanda wala duka la kujinunulia nguvu. Juu yao kuna Director, programu inayopima jinsi kila mchezaji alivyobanwa. Ikiona timu imefika kileleni inawapunguzia zombi kwa muda mvute pumzi, kisha inaanza kupandisha tena. Wageni wanne waliokutanishwa na intaneti, wasiojuana hata lugha, wanajifunza ndani ya dakika kumi kutembea pamoja, kwa sababu anayetangulia peke yake anakufa.

Back 4 Blood inakupa deki ya kadi 15 unazopanga kabla ya kuingia. Battle Lust inakurudishia uhai kidogo kwa kila zombi unayemuua kwa silaha ya mkononi kama rungu. Run and Gun inakuwezesha kupiga risasi huku unakimbia. Quick Kill inaongeza usahihi wa risasi zisizolengwa, lakini inakunyima kabisa kulenga kwa jicho. Peke yake kila kadi inavutia, na kupanga deki ni burudani yenye akili. Tatizo linaonekana zikikusanyika. Mtu aliyejaza kadi za silaha za mkononi, akamchagua mhusika Holly ambaye hurudishiwa stamina kwa kila anayemuua, anaweza kusimama mlangoni na rungu akalimaliza wimbi zima huku wenzake watatu wanatazama mgongo wake. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa studio ndiyo iliyogawa ngozi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kadi inayoitwa Breakout. Ukiwa nayo, kiumbe akikukamata unabonyeza na kushikilia kitufe, unajitoa. Mhusika Evangelo ana uwezo wa aina hiyo tangu kuzaliwa kwake, na kuna kifaa cha umeme kinachokaa kwenye nafasi ya vitu vidogo kinachofanya kazi hiyohiyo. Pale ambapo gemu ya 2008 ilikulazimisha umwite mwenzako, hii inakuuliza kama ulikumbuka kujipangia kadi. Ushirikiano umetoka uwanjani ukahamia kwenye menyu.

Ushirikiano wa menyuni unataka watu wanaojuana. Timu ya kupanda ngazi ngumu ya Nightmare hujengwa kwa mazungumzo ya kabla: nani mganga, nani wa kuwaangusha wakubwa kwa snaipa, nani anabeba kadi za kopa, ile fedha ya ndani ya gemu. Waliokutanishwa na mfumo hawana mazungumzo hayo. Mmoja anaingia na deki ya kuanzia, wa pili na kadi alizozichuma kwa miezi, na hatua ya tatu tu wameshaanza kulaumiana. Kadi zenyewe hufunguliwa kwa pointi za ugavi kupitia mistari inayokwenda kwa mpangilio, kwa hiyo kadi unayoihitaji ikiwa ya mwisho kwenye mstari, lazima kwanza ulipie zilizo mbele yake. Wakati gemu inatoka ulikuwa pia unazichota kadi kidogokidogo, hatua baada ya hatua, hivyo mpangilio wa deki ulikuwa na uzito mkubwa: kadi ya msingi ikikaa nambari 12, nusu ya safari ilikwisha hujaiona. Mwaka 2022 hilo lilirekebishwa na deki nzima ikawa hai tangu mwanzo. Lilikuwa badiliko zuri, ila wengi walikuwa wameshaondoka.

Kuna jambo la viumbe maalumu linalostahili kuangaliwa kwa karibu. Smoker wa Left 4 Dead anakohoa. Witch analia. Boomer anabeua. Unamjua adui kabla hujamwona, unasimama, unawaambia wenzako. Kivuli chake ukutani kinatosha kukuambia ni nani, maana mmoja ni mnene, mwingine mrefu mwembamba, mwingine amejikunja kama paka. Back 4 Blood ina miili mitatu mikuu, na kila mwili una sura tatu. Tallboy, Bruiser na Crusher ni jitu lilelile lenye mkono mkubwa. Stinger, Hocker na Stalker ni kiumbe kilekile chembamba kinachoruka na kunata ukutani. Reeker, Exploder na Retch ni tumbo lilelile linalotembea.

Tofauti zao siyo za urembo, ni za uhai na kifo. Tallboy anakupiga na kukurusha, lakini Crusher anakushika na kukukamua, kwa hiyo kwa huyu wa pili lazima mtu awe karibu nawe. Stinger anakupunguzia uhai kwa mate, Hocker anakugandisha ulipo, Stalker anakurukia na kukuburuta mbali na timu. Exploder akifika karibu analipuka na kuwarusha, hivyo apigwe akiwa mbali. Reeker anawapaka uchafu unaoita zombi, na Retch anatapika kutoka mbali akifunika eneo zima. Sasa fikiria uko kwenye korido ya giza, ukungu umeshuka, zombi ishirini wako mbele, na kwenye kona panatokea bega moja kubwa linalong'aa rangi ya chungwa. Una nusu sekunde kuamua kama usogee au ujitenge, na umbo halikuambii chochote. Unapiga risasi kwenye donda linalong'aa, maana kila mmoja analo na ndipo penye udhaifu wake, na unaomba Mungu. Hofu ya Left 4 Dead ilitokana na kujua kinachokuja. Hii inatokana na kutotambua, na haichukui muda kugeuka kero.

Kero ilizidi miezi ya mwanzo kwa sababu ya wingi wao. Viumbe maalumu walikuwa wakitokea kwa makundi yasiyopumzika, wawili watatu wa aina moja kwa mkupuo, hata timu nzuri ikamaliza risasi kabla ya nusu ya hatua. Studio iliwapunguza kwenye masasisho yaliyofuata. Lakini chini yake kuna mfumo wa trauma ambao kila kosa unalihesabu: ukiumia, sehemu ya kipimo chako cha uhai inafungwa, na bandeji ya kawaida haiifungui. Ukiangushwa, inafungwa sehemu kubwa zaidi. Unamaliza hatua salama, ila unaanza inayofuata na uhai wa juu kabisa wa 70, halafu 55. Timu ikifa yote mna nafasi chache za kurudia, na zikiisha mnarudi mwanzo wa safari. Kosa la mgeni mmoja kwenye hatua ya kwanza linaweza kuwazika wote kwenye ya nne, saa nzima baadaye.

Haki yao nayo wapewe. Kadi za upande wa zombi ni wazo bora kuliko yote ndani ya gemu hii. Kabla ya kila hatua gemu nayo inaweka kadi zake mezani: leo kuna ukungu, leo zombi wamevaa silaha za kinga, leo kuna kiumbe ambaye ukimgusa anapiga kelele na kuita wimbi, leo jitu Ogre atawasubiri njiani. Mnasoma, mnanunua vifaa kwa kopa kulingana na mlichosoma, mnatoka. Hapo kuna mazungumzo ya kweli ndani ya chumba salama, na kama gemu nzima ingejengwa juu ya nguzo hiyo, tusingekuwa na la kulalamikia.

Mbaya zaidi ni Swarm, sehemu ya ushindani kati ya wachezaji. Mashabiki walitaka kampeni ya ushindani kama ya Left 4 Dead, wanne wakipita njia na wanne wengine wakicheza kama zombi kuwazuia. Walichopewa ni mechi fupi za kujihami ndani ya duara linalopungua, pande zikibadilishana, anayeshinda raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Haina safari, haina chumba salama cha kukimbilia, haina ile raha ya kujificha juu ya paa ukisubiri mtu abaki nyuma. Kuiondoa kampeni ya ushindani kulikata mguu mmoja wa gemu.

Kucheza peke yako nako kulianza vibaya: ilibidi uwe na intaneti, na hukupata pointi za ugavi hata ukimaliza kila kitu. Desemba 2021 ikaletwa njia ya kucheza bila mtandao yenye maendeleo yake. Kwa mtu anayehesabu bando, hiyo ndiyo sasisho muhimu kuliko zote. Kuchezea wawili kwenye televisheni moja hakupo kabisa, wakati Left 4 Dead ya Xbox 360 ilikuwa nako.

Zilifuata nyongeza tatu za kulipia mwaka 2022: Tunnels of Terror mwezi Aprili, iliyokuja pamoja na ugumu wa No Hope, Children of the Worm mwezi Agosti, na River of Blood mwezi Desemba. Kwenye kundi, akiwa nayo mmoja tu, wote mnaingia, na huo ni uungwana unaostahili sifa. Februari 2023 studio ikatangaza kwamba hakuna nyongeza nyingine na wanahamia mradi mpya. Kampeni ina hatua zaidi ya 30, ila Tendo la Nne, yaani sehemu ya nne ya kampeni, ni hatua moja tu, pambano la jitu la mwisho.

Ukiamua kuinunua, subiri punguzo na ingia na watu watatu unaowafahamu. Kwenye kompyuta inataka gigabaiti 40 za nafasi, RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya picha kuanzia GTX 1050 Ti. Anzeni Recruit, ngazi rahisi kuliko zote. Mwanzoni mnao wahusika Walker, Holly, Evangelo na Mom tu, na wengine wanne wanafunguka baada ya kufika kambi ya Fort Hope. Jambo la kwanza la kugawana ni risasi. Ziko za aina nne: za bunduki za vita, za SMG (bunduki ndogo za rashasha) na bastola, za shotgani na za snaipa. Watu wawili wakibeba aina moja, mmoja ataishiwa, na kosa hili ndilo linaloangusha timu nyingi za wanaoanza. Mpangilio unaofanya kazi ni Mom kwa ajili ya maisha ya ziada ya timu na kumwinua mtu papo hapo mara moja kwa hatua, Doc anayewaongezea wote kinga dhidi ya trauma, Hoffman ambaye risasi humwangukia anapoua, na Karlee anayehisi hatari zilizo karibu. Weka kadi za kopa kwa watu wawili, mfano Share the Wealth inayowapa wenzako kopa 100 kila hatua ikianza, kwa sababu maboresho ya timu nzima kwenye kreti ya chumba salama yanauzwa ghali na yanalipwa na mfuko wa mmoja.

Kila hatua mmoja wenu abebe kisanduku cha zana. Kinafungua vyumba vilivyofungwa vyenye silaha bora na kinazima king'ora cha milango. Kunguru msiwaguse, magari yenye taa zinazowaka msiyapige risasi hata kwa bahati mbaya, na kwenye ngazi ya Veteran kwenda juu aliye mbele achuchumae, maana risasi ya mwenzako inaumiza. Kabati la dawa ukutani mwachieni mwenye trauma kubwa kuliko wote, hata kama siye anayelalamika zaidi.

Msipofika wanne, au mkiwa na kompyuta ya zamani, Left 4 Dead 2 ya 2009 inachukua gigabaiti 13, mara nyingi hushuka hadi chini ya dola 2 kwenye duka la mtandaoni la Steam, ina kampeni zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe kwenye Workshop ya Steam, na hadi leo ina watu wengi zaidi wanaoicheza kuliko Back 4 Blood. Ukiingia humo usiku wowote, Smoker akakohoa nyuma ya ukuta, mgeni asiyekujua atageuka kukutafuta.