Miaka mitatu na gari la zero kilomita: uzoefu wangu

Mwezi Agosti 2022 nilinunua gari jipya kabisa kwa muuzaji mmoja wa Barabara ya Nyerere ambaye sitamtaja, wala sitaitaja kampuni iliyolitengeneza, kwa kuwa wenzangu wenye magari mapya ya kampuni nyingine wanalalamikia mambo yaleyale. Kabla ya hapo, kama walivyo wengi hapa Dar es Salaam, nilikuwa mtu wa magari yaliyotumika kutoka Japani, na la mwisho lilikuwa la mwaka 2004, namba B, injini ya cc 1,500. Sikufuata fahari. Nilikuwa nimechoshwa na Jumamosi za gereji, nikaona ni heri nilipe zaidi nipate utulivu.

Nianze na bei. Nilipouliza mara ya kwanza mwaka 2019, gari la aina hii lilikuwa kama shilingi milioni 62. Nililipa milioni 79, na nilipopita palepale hivi karibuni nikatajiwa milioni 101. Sababu zake nazielewa. Wakati wa korona viwanda vya magari vilisitisha oda za chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha mifumo ya gari, watengenezaji wa chipu wakageukia kompyuta na simu, na magari yalipotakiwa tena, chipu hazikutosha. Dola nayo, iliyokuwa kama shilingi 2,300 nilipolipa, ilivuka 2,600 mwaka 2024. Kinachosahaulika ni namna kodi zinavyopandiana: ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari likifika bandarini, halafu VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, kwa hiyo kila shilingi 100,000 inayoongezeka huko gari litokako hufika kwetu ikiwa 147,500, kabla ya ushuru wa bidhaa na tozo nyingine.

Ningeyameza yote hayo kama gari lingetulia. Mwezi wa saba tu tangu nilinunue, skrini ilizimika nikiwa kwenye foleni ya Buguruni saa saba mchana, na kwa kuwa kiyoyozi cha gari hili huwashwa na kupunguzwa kwenye skrini hiyohiyo, nilifika nyumbani nimelowa jasho. Walibadilisha programu, ikapona, ikarudia mara mbili.

Lililoniudhi zaidi lilitokea Februari 2025 kwenye pantoni. Gari hili halina breki ya mkono ya kuvuta. Lina kitufe, na mota ndogo ndizo zinazobana magurudumu ya nyuma. Tulifika Magogoni, abiria wa miguu wakashuka, magari ya mbele yakatoka, nikabonyeza kitufe, taa nyekundu ikamweka na gari halikusogea hata inchi. Vijana sita walisukuma bila mafanikio, maana lilikuwa limejifunga lenyewe. Dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu akachungulia namba za gari, akauliza kwa upole, “Mzee, si jipya hili?” Kisha akachukua spana namba 10, akafungua waya mmoja wa betri, akasubiri dakika chache na kuurudisha, na breki ikaachia.

Dhamana yangu ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, na nilikuwa bado ndani ya vyote viwili. Muuzaji aliona kutu kwenye soketi ya waya wa mota, akasema imeletwa na chumvi ya baharini na kwa hiyo si kasoro ya kiwandani. Nilimuuliza kama gari hili aliniuzia Dodoma. Nililipa 2,350,000 na kusubiri wiki saba, kwa sababu spea ilikuwa haipo nchini. Katikati ya kusubiri nilikwenda Gerezani, Kariakoo, ambako muuza spea aliniambia nisubiri gari lizeeke kwanza: spea zake zinatoka kwenye magari yaliyokatwa, na la aina yangu bado hakuna aliyelikata. Hata ningeipata, fundi wangu wa Tabata asingeweza kuifunga, kwani ni lazima isajiliwe kwa kompyuta ya muuzaji. Kwenye lile la 2004, waya wa breki ya mkono ulibadilishwa kwa shilingi 45,000 nikiwa nimekaa pembeni nakunywa kahawa.

Kwa haki yake, injini haijanisumbua, mafuta inakula kidogo kuliko ile ya zamani, na mifuko ya hewa ya pembeni ni kitu ambacho sikuwa nacho. Nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya injini.

Gari bado ninalo. Nikipanda pantoni naweka gia ya P, kitufe sikigusi, na mke wangu anashuka kuweka kipande cha mbao nyuma ya gurudumu, kama tingo wa lori. Spana namba 10 inakaa kwenye droo ya dashibodi, juu ya kitabu cha dhamana.