Kifaa Kipi Ununue kwa Ajili ya Kujaribia Toleo Jipya la Linux

Toleo jipya la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, halinunuliwi, kwa kuwa faili lake la ISO (mfumo mzima ndani ya faili moja) hupakuliwa bure kutoka tovuti ya watengenezaji wake. Kinachonunuliwa ni kifaa cha kulijaribia, na hapo ndipo wengi hubana matumizi pasipostahili, kisha wakaihukumu flashi mbovu huku wakidhani wanauhukumu mfumo. Mifano yangu naitoa kwenye Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04 na itakayohudumiwa hadi 2029. Toleo hilo linaridhika na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, na kwa hiyo linawafaa wenye mashine za zamani ambazo Microsoft iliacha kuzihudumia Windows 10 ilipofikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025.

Nafasi ya kwanza naipa SSD ya nje, yaani diski ya kasi inayochomekwa kwa USB. Si lazima iwe ile iliyofungwa kiwandani. SSD ya kawaida ya SATA ya inchi 2.5 (aina inayofungwa ndani ya laptopu), yenye GB 120 au 240, ukiitia kwenye kasha lake la USB 3.0, inatosha kabisa, maana Mint inahitaji GB 20 na hujisikia huru ikipata 100. Faida yake ni kwamba unausakinisha mfumo kikamilifu: unapokea masasisho, unaweka printa yako, unaacha mafaili yako, na kesho ukiwasha unayakuta yote mahali pake, bila kuigusa Windows iliyomo ndani. Kuna tahadhari moja isiyopuuzwa. Kisakinishi cha Mint kina tabia ya kuandika kianzishi cha mfumo (programu ndogo inayouwasha) kwenye diski ya ndani hata pale ulipochagua ya nje, kwa hiyo izime diski ya ndani kupitia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), au umwombe fundi aichomoe, kabla ya kuanza kusakinisha.

Flashi inashika nafasi ya pili, na hata mwenye SSD ataihitaji moja, ya kununua au ya kuazima, ili aanzie usakinishaji. ISO ya Mint haifiki GB 3 na ya Ubuntu inakaribia GB 6, lakini mimi ningechukua ya GB 32 ili niweke Ventoy, programu inayoiwezesha flashi moja kubeba ISO nyingi, na matoleo kadhaa kwa pamoja. Mfumo unapoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kila programu unayoifungua husomwa kutoka kwenye faili lililobanwa, na kwa flashi ya polepole utangoja hadi uichukie Linux yenyewe. Tena, katika hali ya kawaida, mabadiliko yote hupotea unapozima. Dukani usiiamini peke yake rangi ya bluu inayoashiria USB 3.0, ile ya kasi. Chungulia ndani ya mdomo wa flashi: USB 2.0 ina vibati vinne tu, ilhali USB 3.0 ina hivyo vinne na vingine vitano vilivyokaa ndani zaidi. Flashi bandia zinazodai ukubwa zisizo nao ni nyingi mno, hivyo ukifika nyumbani ijaze kwa f3write kisha uikague kwa f3read, amri mbili za programu ya F3 inayopima ukubwa halisi wa flashi, ungali na risiti mkononi.

Laptopu iliyotumika naiweka ya tatu kwa sababu ya gharama, si kwa ubora, kwani anayekusudia kuhamia Linux moja kwa moja atafaidika nayo kuliko vyote. Windows 11 huwataka wenye prosesa ya Intel wawe na ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa mashine chache, na kwa hiyo ThinkPad (za Lenovo) au Latitude (za Dell) za kizazi cha 6 na cha 7 bado ni mashine imara kwa mtumiaji wa Linux. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukiwa na flashi yako mfukoni, uiwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo kwa kubonyeza F12 (kwa HP ni F9), halafu ukague Wi-Fi, sauti, kamera, na kama inazinduka vizuri baada ya kufunga kifuniko. Kadi ya Wi-Fi ya Intel ndiyo isiyo na maneno. Za Broadcom mara nyingi hudai kiendeshi (driver) cha ziada, ambacho huwezi kukipakua pasipo intaneti. Fungua pia terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike upower -d, ulinganishe energy-full (chaji ambayo betri inabeba sasa) na energy-full-design (iliyobeba ilipokuwa mpya): ya kwanza ikiwa nusu ya ya pili, betri imekwisha nusu, na bei ishuke ipasavyo. Mashine yenye nywila ya BIOS iache, hata muuzaji akuapie kwamba inatoka kirahisi.

Flashi zinazouzwa zikiwa na Linux tayari ni za mwisho. Mnamo Februari 2016 tovuti ya Mint yenyewe ilidukuliwa, na viungo vya toleo la 17.3 vikaelekezwa kwenye ISO iliyopachikwa mlango wa siri. Ikiwa hayo yalitokea kwenye chanzo, flashi isiyojulikana aliyeiandaa haina dhamana yoyote. Kama bando ndilo linalokukwaza, nakili ISO kutoka kwa rafiki, uipitishe kwenye sha256sum, amri inayotoa namba ya utambulisho wa faili, kisha ulinganishe namba utakayopata na ile iliyochapishwa na Mint, kazi ambayo hata simu yenye bando dogo inaimudu.