Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Ofisi ya Mtumba: Kagua Umeme Kwanza

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: mtu amenunua Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1 ya mtumba, akaiongezea RAM na SSD bila tabu, kisha akanunua kadi ya grafiki iliyosifiwa sana, na sasa mashine ama haiwaki kabisa ama inajizima mchezo unapoanza kunoga. Kuhusu kasi ya kadi na ukubwa wa kumbukumbu yake sitasema mengi, kwa kuwa hayo yamekwisha kuandikwa kila mahali. Shida ya mashine hizi ni umeme, na wauzaji wengi hawaigusi.

Zote mbili ni za mwaka 2013, na hakuna inayotumia pawa saplai ya kawaida, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Plagi kuu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) iliyozoeleka ina pini 24, lakini ya 9020 ina pini 8 na ya EliteDesk ina pini 6. Kwa hiyo, anayekwambia ubadilishe pawa saplai tu hajakusaidia mpaka akutafutie na adapta yake, na ikiwa mashine yako ni ya kasha dogo, yaani SFF, hata adapta haikufai, maana pawa saplai ya kawaida haienei humo. Hapo ndipo fundi atakapokutolea kiwaya kinachochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, na kuupeleka kwenye pini 6 za kadi. Kikatae. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla, ilhali plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Plastiki yake ikianza kuyeyuka, utasikia harufu kabla hujaona chochote.

Nunua, basi, kadi isiyo na plagi ya umeme, inayojilisha kwenye sloti peke yake, yaani pale inapochomekwa kwenye mazabodi. Jina la kadi halitoshi kukuhakikishia hilo, kwani GTX 1650 nyingine haina plagi na nyingine inadai pini 6, na zote zinauzwa kwa jina lilelile. Tazama ukingo wa kadi yenyewe, si picha ya boksi.

Ya kwanza kwangu ni NVIDIA T1000, na sifichi kwamba napendelea kadi za kampuni hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi. Inatumia wati 50, haina plagi, ni fupi, na inashika nafasi ya sloti moja tu, jambo ambalo kwenye SFF ndilo linaloamua kama kifuniko kitafunga. Hakikisha umepewa bamba fupi la chuma la nyuma pamoja na adapta ya mini DisplayPort, kwa sababu kadi hii haina tundu la HDMI. Bajeti ikibana, T600 ya wati 40 inafuata. Mwenye kasha kubwa anaweza kuchukua GTX 1650 isiyo na plagi, ambayo naiweka nafasi ya tatu kwa kuwa nyingi ni nene.

RX 6400 ya AMD naiweka ya nne. Wati zake 53 zinapendeza, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, yaani za kupitishia data kati ya kadi na mazabodi, na kwenye mashine za kizazi hiki, ambazo hazina toleo la PCIe 4.0, kasi yake inapungua. GT 1030 ni ya bei nafuu; ukiinunua, iwe yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5, si ya DDR4.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wanaobandika picha ya kadi bila bei, ukiuliza unaambiwa njoo inbox, na huko inbox bei inategemea umeandika kama mwanafunzi au kama mtu wa ofisi. Ukiomba picha ya upande wa plagi, unaonekana msumbufu. Ukiomba kadi iwashwe mbele yako kwa programu ya GPU-Z, ambayo hutambua baadhi ya kadi za zamani zilizobandikwa majina mapya, ghafla dukani hakuna kompyuta ya kujaribia, ingawa ukuta mzima umepangwa kompyuta za kuuza.