Arabuko-Sokoke asubuhi na mwongozaji wa pale pale: nendeni jamani

Watu wengi wa Pwani tunapita huu msitu tukiwa ndani ya matatu, barabara ya Mombasa-Malindi, na wala shingo hatugeuzi, kumbe ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, kama kilomita mraba 420 hivi. Safari ya nusu siku ya kutazama ndege unaanzia lango la Gede na unapewa mwongozaji wa hapo hapo, na kwa kweli pesa yangu niliona imeenda kwa masikio ya yule kijana. Mimi nilikuwa na darubini shingoni na sioni kitu, yeye anasimama ghafla, anainua kidole, anakwambia ndege gani na yuko mti gani, halafu ndio unaanza kuona majani yakitikisika.

Manake msitu mkavu si kama bustani, unaweza kutembea dakika ishirini kimya kabisa, kisha likatokea kundi la ndege wa kila aina wanasafiri pamoja, hujui utazame wapi! Kwenye ile miti mirefu ya mirihi, upande wa mchanga mweupe, tulimpata ndege aitwaye chozi wa Amani juu kabisa, shingo iliniuma lakini sijali. Kwera wa Kilifi hatukumwona, na huyo duniani kote anapatikana kaunti hii ya Kilifi tu, hata viota vyake vilikuja kugunduliwa 2013 kule msitu wa Dakatcha, hivyo mwongozaji alitwambia mapema kabisa kwamba hawezi kuahidi. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa bundi mdogo wa Sokoke. Ukifika upande wa udongo mwekundu vichaka vinabana mpaka mtu hapiti, kijana akatuacha njiani akaingia peke yake akiwa ameinama, tukangoja weee, akarudi akatuita kwa mkono. Walikuwa wawili wamekaa bega kwa bega kwenye tawi la chini, mmoja kijivu mwingine rangi ya kutu, yaani ni aina moja ila rangi ndio tofauti, na hawazidi urefu wa shibiri. Bundi huyu ukimkosa hapa, sehemu nyingine za kumpata ni chache sana, mojawapo ni chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Tukapiga picha bila flashi, baada ya dakika chache akasema twendeni tuwaache walale. Hakuna aliyebisha.

Kilichonikera ni usafiri, gari tuliloitiwa na hoteli lilitakiwa litufikishe langoni saa kumi na mbili, likaja karibu saa moja, na ikigonga saa nne jua limeshakuwa kali ndege wamenyamaza, kwa hiyo ile saa iliyopotea ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote. Panga gari lako mwenyewe usiku wake, na liwe la kuingia ndani maana kule kwa bundi ni mbali na lango. Kiingilio ni mbali na malipo ya mwongozaji, ulizeni yote kabla hamjaanza. Vaa suruali ndefu, beba maji ya kutosha, watoto wadogo labda muwaache maana kutulia ni shughuli, ingawa sange mwenye matako ya dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, akikatiza njia watafurahi sana.

Mimi narudi miezi ya baridi, kuna ndege wa madoadoa anapanda kutoka kusini msimu huo na kijana ameshaniambia anapopenda kuchakura.