"Hand" kwa wasemaji wa Kichina: sura nzuri inayoteleza pale lugha mbili zinapofanana

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiitumia programu ya simu inayofundisha msamiati wa Kiingereza kwa wasemaji wa Kichina, hasa sura yake inayohusu neno "hand", pamoja na wanafunzi wangu wawili ambao Kichina ndiyo lugha yao ya kwanza na ambao wamefikia kiwango cha kati katika Kiingereza. Programu yenyewe sitaitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika kamusi na vitabu vingine vya aina hiyo, na si haki kuibebesha moja mzigo wa wote. Sura hiyo ina maelezo kwa lugha zote mbili, sauti za mifano na mazoezi ya kujaza nafasi, nayo humchukua mwanafunzi kutoka maana ya kiungo cha mwili hadi nahau ambazo hata Mwingereza huzitumia bila kukumbuka kwamba ndani yake mna mkono.

Mwanzo wake ni mzuri kwa sababu ni mfupi. Neno "hand" hutaja sehemu inayoanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, na neno la Kichina 手 (shǒu) kwa kawaida hukaa ndani ya mpaka huohuo, kwa kuwa sehemu ya juu ina jina lake, 胳膊 (gēbo). Kwa hiyo Mchina hana la kuhangaika nalo hapa, tofauti na sisi ambao mkono wetu huanzia begani na ambao tukisema kwa Kiingereza kwamba tumevunjika "hand" huenda tukapigwa picha ya kiganja ilhali kilichovunjika ni karibu na kiwiko. Waandishi wamelipitia jambo hili kwa mistari miwili tu, kisha wakaenda kwenye maana zilizopanuka: mshale wa saa, mfanyakazi, karata alizoshika mchezaji, mwandiko, makofi ya kumpongeza mtu, hata kipimo cha urefu wa farasi ambacho ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Hicho cha mwisho ningekiacha kwa wafuga farasi.

Raha ya sura hii iko mahali ambapo lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefikia wazo moja. Kiingereza humwita mtu mzoefu "old hand", na Kichina humwita 老手 (lǎoshǒu), ambalo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni mkono mzee. Mgeni wa kazi ni 新手 (xīnshǒu), mkono mpya. Waingereza wakiwa na upungufu wa wafanyakazi husema wako "short-handed", nao Wachina husema 人手不足, yaani mikono ya watu haitoshi. Baharia kwa Kichina ni mkono wa majini, 水手 (shuǐshǒu), na ndiyo maana wanafunzi wangu walielewa papo hapo amri ya melini "all hands on deck", jambo ambalo sikulitarajia. Programu imeyatumia mengi ya haya vizuri, lakini ikapoteza nafasi moja ambayo ingekuwa bora kuliko zote: kuhusu mtu mwenye mwandiko mzuri, ambaye kwa Kiingereza "writes a neat hand", imetumia aya nzima kueleza jinsi neno la kiungo lilivyokuja kumaanisha mwandiko, ilhali Mchina husema kila siku 写得一手好字, na neno 手 limo humohumo. Mstari mmoja ungetosha.

Tatizo langu kubwa na sura hii linaanzia hapohapo kwenye raha. Waandishi wameweka nguvu zao zote kwenye nahau zisizofanana na chochote katika Kichina, wakidhani kwamba ugeni ndio ugumu. Uzoefu wangu ni kinyume chake. Nahau ngeni humfanya mwanafunzi asimame, aulize, aikariri. Inayofanana nusu humfanya apite kwa ujasiri na kuanguka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika kujifunza lugha nguo hiyo ni lugha ya mama.

Tuchukue neno 高手 (gāoshǒu), ambalo maana yake ni bingwa au fundi hodari, na ambalo likitafsiriwa moja kwa moja ni mkono wa juu. Kiingereza kina "high-handed", lakini humaanisha mtu wa kiburi anayetumia mamlaka bila kuwajali wengine, yaani mbabe. Programu imeeleza maana hiyo kwa usahihi kabisa kwa Kichina, ila haikusema popote kwamba msomaji asiilinganishe na 高手. Matokeo yake, mwanafunzi wangu mmoja, akimsifu mwalimu wake wa mchezo wa sataranji, aliandika kwamba mwalimu huyo ni "very high-handed", na sentensi ikawa shtaka. Hali ni hiyohiyo kwa 手下 (shǒuxià), walio chini ya mkono, yaani wasaidizi wa mkubwa fulani, ikilinganishwa na "underhand", neno linaloeleza jambo lililofanywa kwa hila na kwa siri. Anayewaita watumishi wake "underhand people" amewatukana bila kujua.

Mfano ulionisumbua zaidi ni wa kunawa mikono. Kiingereza husema "wash one's hands of" jambo fulani kwa maana ya kujitenga nalo na kukataa kubeba lawama yake, na asili yake ni Pilato katika Mathayo 27:24. Msomaji wa Kiswahili haelezwi mara mbili, kwa kuwa nasi husema fulani amenawa mikono. Kichina kina 洗手 (xǐshǒu), kunawa mikono, ambalo kwa mafumbo huwa ni kuacha uhalifu, na kina pia msemo 金盆洗手, kunawa mikono katika beseni la dhahabu, uliotoka kwenye maisha ya watu wa magenge na ambao siku hizi hutumika kwa mtu yeyote anayeacha kazi aliyoizoea kwa miaka mingi. Mwanafunzi wangu wa pili aliandika kwamba baba yake "washed his hands of the business" baada ya kufanya biashara maisha yake yote. Alikusudia kusema kwamba mzee amestaafu kwa heshima. Msomaji Mwingereza angeelewa kwamba biashara ilikuwa na aibu ambayo mzee hakutaka imguse. Zoezi la programu lilimpa alama zote kwa nahau hii, kwa sababu lilimtaka ajaze neno "hands" mahali palipoachwa wazi, na hakuna anayeshindwa kulijaza katika sura ambayo kila jibu lina mkono.

Si kila kufanana nusu kuna madhara, na hapa ningependa waandishi wawe na mizani. Msaidizi anayetegemewa kwa Kiingereza ni mkono wa kulia, na kwa Kichina ni 左右手, mikono yote miwili, wa kushoto na wa kulia. Mwanafunzi akichanganya ataeleweka, labda kwa tabasamu. Mkono uliobana, 手紧, kwa Kichina unaweza kuwa uchoyo au ukata wa muda, wakati "tight-fisted" ya Kiingereza ni uchoyo tu, sawa na mkono wa birika wa kwetu. Mwizi wa mifukoni ni 三只手, mikono mitatu, na hilo halina mwenzake katika Kiingereza, hivyo halimdanganyi mtu.

Kasoro nyingine inahusu mtindo wa kutafsiri. Waandishi wanapenda kuiwekea kila nahau ya Kiingereza msemo wa Kichina wa maneno manne, zile chengyu ambazo msomi yeyote wa Kichina huzionea fahari, na kwa kweli ukurasa unapendeza machoni. Lakini chengyu huja na mipaka yake. Kwa "my hands are tied" wameweka 束手无策, ambayo mwanzo wake ni mikono iliyofungwa na mwisho wake ni kukosa mbinu. Mwingereza anayesema mikono yake imefungwa huenda ana mbinu nyingi sana. Kinachomzuia ni sheria, mkataba au amri ya mkubwa wake. Mmoja ameishiwa na akili, mwingine amenyimwa ruhusa, na katika barua ya kazi tofauti hiyo si ndogo. Vivyo hivyo kwa "hands down" wameweka 易如反掌, rahisi kama kugeuza kiganja, ilhali nahau ya Kiingereza imetoka kwenye mbio za farasi, ambapo mpanda farasi aliyekwisha kuwaacha wenzake mbali hulegeza hatamu na kushusha mikono, kwa hiyo hutumika kwa ushindi au kwa kulinganisha, si kwa kila kazi nyepesi. Wanafunzi wangu wote wawili walijaribu kupika chakula "hands down".

Sehemu ya vihusishi ndiyo iliyonifanya nisiifute programu hii. Kiingereza hubadilisha maana ya "hand" kwa kijineno kimoja kilichotangulia: "at hand" ni kilicho karibu kwa mahali au kwa wakati, "on hand" ni kilicho tayari kutumika au mtu aliyepo kusaidia, "in hand" ni jambo linaloshughulikiwa au lililodhibitiwa, "by hand" ni kilichofanywa bila mashine au kilichopelekwa na mtu mwenyewe, na "out of hand" ni kilichoshinda udhibiti, au, likifuata kitenzi cha kukataa, kukataa hapohapo bila hata kufikiri. Kichina hupitisha sehemu kubwa ya hayo kwa 手头 (shǒutóu) na 手中, kwa hiyo mwanafunzi hana ndoano ya kutundikia tofauti. Hapa waandishi wameachana na chengyu, wakaweka hadithi fupi ya ghala ambalo mizigo iko karibu, kisha iko tayari, kisha inashughulikiwa, kisha inawashinda wafanyakazi, na kila hatua ina kihusishi chake. Ni kazi ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa.

Wameshughulikia vizuri pia vibainishi na wingi, vitu ambavyo nomino za Kichina hazina. "Give me a hand" ni ombi la msaada, "give me your hand" ni kutaka kushika kiganja, na "give her a big hand" ni kuwaalika watu wapige makofi. Kosa la "shake hand" limepewa nafasi yake, kwa kuwa 握手 (wòshǒu) haionyeshi wingi wowote. Kiswahili kingewasaidia, maana sisi tunapeana mikono na si mkono. Hata hivyo wingi huo hauwezi kueleweka kwa macho peke yake. Silabi ya Kichina sanifu ikifungwa kwa konsonanti, huwa ni n, ng au r tu, hivyo sikio la mwanafunzi hulisikia "hand" kama linaishia kwenye n, na "hands" humpotea zaidi. Sauti za programu zinasomwa kwa kasi moja tu, hazipunguzwi, na hakuna zoezi hata moja linalomtaka msikilizaji achague kati ya umoja na wingi. Vitenzi kama "hand in", "hand out" na "hand over" vimepewa orodha ya kawaida isiyo na la kulalamikia wala la kusifu.

Lipo jambo moja ambalo ningeliweka mwanzoni kabisa mwa sura, nao wameliweka karibu na mwisho kwa mstari mmoja. "On the other hand" imetafsiriwa 另一方面, upande mwingine, na tafsiri hiyo inakubalika, ila msemo wa Kichina hutumika pia kuongeza hoja inayokwenda njia moja na ile ya kwanza. Mwanafunzi huandika kwamba kusoma kwa sauti huimarisha matamshi na kwamba "on the other hand" huongeza msamiati, akidhani ameunganisha hoja zake vizuri, wakati msomaji wa Kiingereza amejiandaa kusikia ubaya wa kusoma kwa sauti na anabaki akiutafuta. Sisi nasi huwa walegevu na "kwa upande mwingine", kwa hiyo siwacheki. Katika insha za wanafunzi wangu kosa hili hujitokeza mara nyingi kuliko nahau zote za sura hii zikiwekwa pamoja.

Kwa anayeanza Kiingereza, sura hii ni nzito mno, na kwa aliyebobea haina jipya isipokuwa hadithi ya ghala. Aliye katikati ataifaidi akiwa na mwalimu au mwenzake wa kumsomea sentensi anazotunga, kwa sababu mazoezi yaliyomo hupima kama amelikumbuka neno tu. Programu ina sehemu ya kutuma maoni kwa watengenezaji. Nimewapelekea sentensi ya sataranji na ile ya mzee aliyestaafu kama zilivyoandikwa, pamoja na ombi kwamba 高手 na 洗手 zipewe ukurasa wao.